Agizo na fedha vitoke siku moja: barua ya wazi kuhusu janga lijalo na watu wanaoishi kwa kipato cha siku

Kwa Waheshimiwa mawaziri wa fedha, kazi, afya na ustawi wa jamii. Kwa magavana wa benki kuu. Na kwa wakuu wa miji, wilaya na manispaa.

Waheshimiwa,

Ombi letu ni moja, na tunalitanguliza ili lisipotee katikati ya maelezo. Siku mtakayowaamuru watu wasimamishe kazi kwa sababu ya ugonjwa, siku hiyohiyo fedha za kuwaweka hai ziwe zimeanza kuingia mikononi mwao. Mengine yote tunayoyaandika hapa, yakiwemo ya afya ya akili, yanategemea hilo.

Tunaandika kama watu wa kazi hii. Miongoni mwetu wamo wahudumu wa afya ya akili, maofisa ustawi wa jamii, wanaoendesha malipo ya ruzuku kwa kaya, na viongozi wa vyama vya wafanyakazi wa kipato cha chini. Shirika la Afya Duniani liliitamka UVIKO-19 kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020, na hali ya dharura ya kimataifa ikafungwa tarehe 5 Mei 2023. Tarehe 20 Mei 2025 nchi wanachama zikapitisha mkataba wa kujiandaa na majanga ya magonjwa. Sehemu kubwa ya mazungumzo yake ilihusu chanjo, dawa, vifaa na namna ya kugawana sampuli za vimelea. Tunayaunga mkono hayo yote. Lakini mkataba wa mataifa haumlipii kibarua kodi ya chumba. Kazi hiyo imebaki mezani kwenu.

Tuanze na hesabu ya siku, kwa sababu bila kuielewa maamuzi yote yanayofuata huenda kombo. Hesabu za wizara hufungwa kwa mwezi au kwa mwaka. Za mchuuzi hufunguliwa alfajiri na kufungwa jioni. Fedha alizoamka nazo ndizo mtaji. Jioni zinarudi zikiwa na faida kidogo, na faida hiyo ndiyo chakula, maji, nauli na kipande cha kodi ya nyumba. Hana mfuko wa pili. Mkimzuia kuuza, siku ya kwanza anakula faida ya jana, na siku ya pili au ya tatu anaanza kuula mtaji. Kama bidhaa zake ni za kuoza, mtaji unaharibika akiutazama. Wiki mbili zikipita, kilichoisha ni zaidi ya akiba: ni chombo chenyewe cha kutafutia riziki. Ndiyo maana kufungua masoko tena hakukuwarudisha watu kwenye biashara. Wengi walirudi kupitia mkopo, na wakaanza upya wakiwa chini ya sifuri.

Dereva wa chombo cha mtu ana shida ya namna yake. Anadaiwa hesabu, yaani fedha ya mwenye chombo, kila jioni, apate abiria asipate. Mkipunguza abiria kwa nusu, kipato chake hakipungui kwa nusu, kwa sababu hesabu na mafuta hutangulia kulipwa na yeye hubaki na makombo. Mara nyingi nusu ya abiria maana yake ni sifuri nyumbani. Mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri hufungiwa humo bila siku ya mapumziko, na yule anayetoka kwake asubuhi huambiwa asije tena, bila notisi wala malipo ya mwisho. Wa kwanza akifukuzwa hupoteza kazi, kitanda na chakula kwa neno moja. Mshonaji anayelipwa kwa idadi ya vipande hubaki hana kitu mara tu oda inapofutwa, hata kama vipande vya oda hiyo tayari vimeshonwa.

Hawa si wachache. Kwa makadirio ya Shirika la Kazi Duniani, takriban watu bilioni 2 duniani, yaani karibu 6 katika kila wafanyakazi 10, wako kwenye kazi zisizo rasmi. Shirika hilo lilikadiria kwamba katika mwezi wa kwanza wa janga kipato cha wafanyakazi hao kilishuka kwa asilimia 60, na kwamba mwaka 2020 saa za kazi zilizopotea duniani zilikuwa asilimia 8.8, sawa na ajira milioni 255 za kutwa nzima. Njia nyingi za kuokoa ajira zilipita kwa mwajiri: ruzuku ya mishahara, punguzo la kodi, likizo yenye malipo. Asiye na mwajiri anayetambulika hakufikiwa na hata moja kati ya hizo.

Sasa tuingie kwenye akili ya mtu huyu. Watu wengi madarakani huliona jambo hili kama la pembeni, la kushughulikiwa mambo makubwa yakitulia. Sisi tunaliona kuwa ndani ya hesabu ileile. Mwili wa binadamu umeumbwa kuvumilia tishio fupi. Moyo hudunda, misuli hukaza, usingizi hukatika, kisha hatari hupita na mwili hupoa. Tishio lisilo na tarehe ya mwisho haliupi mwili nafasi ya kupoa. Mtu asiyejua kama msaada utakuja, utakuja lini, na kama jina lake limo, huishi miezi kadhaa katika hali ya kukimbia akiwa amekaa palepale. Akili yake hujaa hesabu zisizofunga, hadi anasahau mambo madogo, anakosea maamuzi na kugombana na watoto. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka wa kwanza wa UVIKO-19, wasiwasi uliopitiliza na sonona viliongezeka duniani kwa takriban asilimia 25.

Juu ya hofu ya njaa kuna hofu ya kuambukizwa na kupeleka ugonjwa nyumbani, kuna msiba usiozikwa kama desturi inavyotaka, na kuna aibu. Aibu huzungumzwa kidogo mno. Mtu aliyezoea kurudi jioni na kitu mkononi anakaa mbele ya wanawe mchana kutwa, mikono mitupu. Wengine hutoka asubuhi na kuzunguka tu mtaani ili wasionekane nyumbani, na doria ikiwakuta huandikwa kuwa wakaidi wa amri ya afya.

Waheshimiwa, mgonjwa wa aina hii haji zahanati akisema ana sonona. Anasema kichwa kinamgonga, kifua kinabana, mwili unachoma, tumbo linawaka, moyo unaenda mbio, usingizi hakuna. Hupewa dawa ya maumivu au ya tumbo, na wiki ijayo anarudi tena. Lugha yetu ina njia ya kulisema hili bila kumtia mtu alama ya ukichaa: tunasema mtu “ana mawazo”. Mhudumu akiuliza, “Una mawazo?”, hupata jibu ambalo swali la “Una tatizo la akili?” halitalipata kamwe.

Zahanati yenye foleni ndefu inaweza kuchuja kwa maswali mawili. Je, katika wiki mbili zilizopita umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Je, umejisikia mnyonge, mwenye huzuni au uliyekata tamaa? Kila swali lina alama 0 kwa “hapana kabisa”, 1 kwa “siku kadhaa”, 2 kwa “zaidi ya nusu ya siku” na 3 kwa “karibu kila siku”. Jumla ikifika 3, mtu huendelea na dodoso refu la maswali tisa, ambalo alama zake hufika 27 na ambapo 10 kwenda juu ni dalili ya kuchunguzwa zaidi. Swali la tisa ni la mawazo ya kujidhuru au ya kuona ni heri kufa. Jibu lolote la zaidi ya sifuri hapo lisiachwe liende nyumbani na karatasi. Mtu aulizwe palepale kama ana mpango na kama ana cha kutumia, asiachwe peke yake, na apelekwe kwa mtu wa kumhudumia siku hiyohiyo.

Mambo mawili huharibu uchujaji huu. La kwanza ni kuwachuja watu bila kuwa na pa kuwapeleka. Kumwuliza mtu jambo la ndani kiasi hicho kisha kumwambia “pole” humwumiza zaidi, na jirani yake hatakuja. La pili ni sheria. Katika nchi ambazo kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai, mtu mwenye akili timamu hawezi kujibu swali la tisa kwa ukweli mbele ya mtumishi wa serikali. Ghana na Malaysia ziliondoa kosa hilo mwaka 2023. Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu chake kinakiuka katiba. Nchi ambazo kifungu hicho bado kipo zinaweza kukifuta bila kusubiri janga, na kukifuta hakugharimu kitu.

Turudi kwenye fedha. Hapa tutakaa kidogo, maana ni hapa watu wengi wenye nia njema hukwama.

Togo ilizindua mpango wake wa malipo, Novissi, tarehe 8 Aprili 2020. Mtu alijisajili kwa simu ya kawaida isiyo na intaneti, mfumo ukamlinganisha na daftari la wapiga kura, na aliyekidhi vigezo akalipwa kwenye simu yake. Wanawake walilipwa zaidi kidogo kuliko wanaume. Kasi ilitokana na kutumia orodha iliyokuwepo, na upungufu ulitoka hapohapo, kwa kuwa asiye na kadi ya mpiga kura hakuonekana. Brazil nayo, kuanzia Aprili 2020, ililipa msaada wa dharura uliowafikia watu zaidi ya milioni 65, wengi wao wakiwa hawamo kwenye orodha yoyote ya awali. Huko sehemu kubwa ya usajili ilipita kwenye programu ya simu, na matokeo yake yalikuwa foleni ndefu nje ya matawi ya benki: wazee, wasio na simu za kisasa na waliokataliwa na mfumo walisongamana wakati ambapo kusongamana ndiko kulikokuwa kukikatazwa. Kasi bila njia ya pili huwasogeza watu kwenye ugonjwa.

Kwa hiyo orodha itengenezwe sasa, wakati hakuna ugonjwa, na isitegemee chanzo kimoja. Daftari la wapiga kura liunganishwe na vitambulisho vya taifa, usajili wa laini za simu, leseni za wachuuzi na madereva, orodha za vyama vya wafanyakazi na vikundi vya kuweka na kukopa, na wanufaika wa ruzuku zilizopo. Kila chanzo kinaziba tundu la kingine. Wahamiaji wasio na karatasi hawatakuwamo popote. Hao wafikiwe kupitia vyama na mashirika wanayoyaamini, na sheria iseme wazi kwamba taarifa za malipo hazitapelekwa idara ya uhamiaji. Bila kifungu hicho hawatajisajili, na virusi haviulizi pasipoti.

Yanayokwama njiani tunayafahamu vizuri, nayo hujirudia kila mahali. Laini ya simu imesajiliwa kwa jina la mume, shemeji au mwenye kibanda. Jina kwenye kitambulisho lina herufi moja tofauti na la kwenye simu, na mfumo unalikataa bila kusema sababu. Namba imekaa muda bila kutumika, kampuni ikaigawa kwa mtu mwingine. Nyumba moja ya kupanga ina kaya kumi, kila kaya na mlango wake, lakini mfumo unatambua anwani moja na kulipa kaya moja. Malipo yanakwenda kwa “mkuu wa kaya”, na mke aliyetelekezwa anahesabiwa kuwa amelipwa. Siku ya malipo mawakala wote wa mtaa wanaishiwa noti ifikapo saa nne asubuhi, kwa sababu hakuna aliyewatangulizia fedha. Makato ya kutoa yanakula sehemu ya msaada. Kiongozi wa mtaa anayepewa kazi ya kuchagua majina anaanza na anaowajua, na hata akiwa mwadilifu, mtaa mzima utaamini alipendelea. Uhasama huo hubaki mtaani muda mrefu baada ya ugonjwa kuondoka.

Dawa ya mengi kati ya hayo ni kulipa kwanza na kuhakiki baadaye. Malipo ya kwanza yawe ya kiwango kimoja kwa kila anayejitokeza kutoka maeneo na kazi zilizofungwa, ndani ya saa 72, kwa kutumia vigezo vyepesi. Uhakiki ufanyike kabla ya malipo ya pili. Watakuwepo watakaolipwa isivyostahili, nasi hatulifichi hilo. Lakini mtu aliyelipwa kimakosa ni hasara ya fedha inayoweza kukokotolewa na kukatwa mbele ya safari. Aliyeachwa kimakosa atakula mtaji wake, na huo haurudishwi na barua ya kuomba radhi.

Baada ya hapo malipo yawe kila wiki mbili, siku inayojulikana, na kamwe yasicheleweshwe. Kiwango kipimwe kwa gharama za kaya: chakula, maji, kodi ya chumba, sabuni na nauli ya hospitali, kikitangazwa kama sehemu ya kima cha chini cha mshahara ili kima hicho kikipanda nacho kipande. Makato ya kutoa yalipwe na serikali. Mama apewe haki ya kupokea kwa jina lake hata kama namba ni ya kukodi au ya jirani, kwa kutumia tarakimu za siri za malipo badala ya umiliki wa laini. Na agizo linapoondolewa, kuwe na malipo ya mwisho makubwa kwa mkupuo, kwa ajili ya kurudisha mtaji. Malipo hayo ya mwisho husahaulika karibu kila mara. Anayeyaona kama zawadi akumbuke kwamba mtaji huo uliliwa kwa amri ya serikali, kwa faida ya afya ya wote.

Tunaomba mlizingatie sana suala la ujumbe wa simu. Ujumbe wa malipo uwe na mambo matano: kiasi, tarehe ya kuingia, tarehe ya malipo yajayo, siku agizo litakapopitiwa upya, na namba ya bure ya malalamiko. Aliyekataliwa naye aandikiwe, aambiwe sababu kwa maneno ya kawaida, na ajulishwe kuwa rufaa yake itajibiwa ndani ya siku 7. Hii ni huduma ya afya ya akili kwa maana kamili ya maneno hayo. Tarehe inayojulikana hupunguza usiku wa kukesha kuliko ahadi kubwa isiyo na tarehe. Mtu akijua kuwa Alhamisi kuna kitu, anaweza kuipanga Jumatano.

Taarifa ya mapema nayo ni sehemu ya malipo. India ilitangaza agizo la siku 21 usiku wa tarehe 24 Machi 2020, likaanza kutumika saa nne baadaye. Vibarua waliokuwa mbali na kwao walibaki mijini bila kazi wala usafiri, na wengi wakaanza safari za mamia ya kilomita kwa miguu. Saa 72 za kurudi nyumbani kwa mpangilio, zenye mabasi, maji na upimaji njiani, zina hatari yake kiafya. Msafara usiodhibitiwa wa watu wenye njaa una hatari kubwa zaidi.

Kuhusu madeni: mkisimamisha marejesho huku riba ikiendelea kuhesabiwa, mmeahirisha pigo na kulikuza. Msimamisho uhusu deni na riba pamoja, kwa muda ulioandikwa. Uwafikie pia wakopeshaji wadogo na wa kwenye simu, kwa sababu benki kubwa hazimjui mchuuzi. Mikopo yenye riba kali, ile watu wameipa jina la kausha damu, ndiyo iliyoshika mitaji mingi ya mtaani. Jina la mtu lisipelekwe kwenye orodha ya wadaiwa sugu kwa marejesho yaliyokosekana katika miezi ya agizo, na mkopeshaji apigwe marufuku kuwapigia simu ndugu na marafiki wa mdaiwa. Vikundi vya dhamana ya pamoja vinahitaji jicho la pekee. Humo mmoja akishindwa wenzake humlipia, kwa hiyo janga hugeuza marafiki kuwa wadai, na mtu hupoteza wale aliokuwa akiwaendea moyo ukimwelemea. Tumeona kuwa kwa wanawake wengi hofu ya kikao cha marejesho huzidi hofu ya ugonjwa.

Marufuku ya kuwafukuza wapangaji iandikwe ikijua mbinu. Mwenye nyumba anaweza asimtoe mtu, ila akakata maji, akang'oa mlango au akafunga choo. Sheria ivitaje vitendo hivyo kwa majina. Na kwa kuwa wenye nyumba wengi ni wajane na wastaafu wanaoishi kwa kodi ya vyumba viwili vitatu, sehemu ya kodi ilipwe kwao moja kwa moja na mfuko wa dharura.

Doria isinyang'anye bidhaa. Kumnyang'anya mchuuzi kapu ni kumtoza faini ya mtaji wake wote bila hakimu.

Wapo ambao agizo haliwahusu, kwa kuwa mnawahitaji kazini: wasafishaji wa hospitali, wazoa taka, wapagazi, walinzi, wasambazaji wa bidhaa, wanaotunza wagonjwa majumbani. Hawa hubeba hatari kwa niaba yetu sote, na wengi hawana likizo ya ugonjwa yenye malipo. Matokeo yake ni rahisi kuyatabiri. Asiyelipwa akiugua huficha dalili, hunywa dawa ya kushusha homa na kuingia zamu. Malipo ya kujitenga yaanze siku sampuli inapochukuliwa, bila kungoja majibu, kwani zile siku mbili tatu za kungoja ndizo anazoambukiza akiwa kazini. Maambukizi ya wafanyakazi hawa yachukuliwe kuwa ya kazini hadi ithibitishwe vinginevyo, ili familia isitakiwe kuthibitisha alipata virusi mlango gani. Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliingiza mazingira salama ya kazi katika haki za msingi kazini. Msafishaji anayepewa barakoa moja kwa wiki ananyimwa haki hiyo.

Sasa huduma ya ushauri yenyewe. Hakuna nchi yenye wataalamu wa akili wa kutosha kwa janga, na si lazima wawepo. Zimbabwe, kuanzia mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda na wenzake waliwafunza akina bibi wa jamii kukaa benchini nje ya zahanati na kumsaidia mtu kuchambua matatizo yake, kuchagua moja na kulitafutia hatua ya kwanza. Kwa Kishona hali hiyo huitwa “kufungisisa”, kuwaza kupita kiasi. Ni jirani kabisa na “mawazo” yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliopata huduma hiyo walikuwa na dalili chache zaidi kwa kiasi kikubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Shirika la Afya Duniani nalo lina mpango wa vikao vitano, kimoja kila wiki, cha dakika 90, unaotolewa na mtu asiye mtaalamu lakini aliyefunzwa. Hufundisha kutuliza mwili kwa kupumua polepole, kukabili tatizo moja kwa wakati, kurudi kwenye shughuli ndogo ndogo mtu alizoziacha, na kuwarudia watu wa kuegemea.

Kinachoua mipango hii ni usimamizi. Washauri hufunzwa, hupigwa picha, kisha huachwa. Mshauri wa mtaani husikia ya mtaa mzima, naye ni mkazi wa mtaa huohuo, mwenye madeni yaleyale. Bila kikao cha kila wiki na msimamizi, na bila posho inayolipwa kwa tarehe, ataacha ndani ya miezi michache, au atabaki akiwa mgonjwa. Vikao viwe jioni na siku za mapumziko, kwa maana mtu wa kipato cha siku hawezi kuacha siku ya kazi ili azungumzie kukosa fedha. Simu ya ushauri iwe ya bure kwa mitandao yote. Iwe pia na njia ya kuomba msaada bila kusema, kwa mwanamke ambaye anayempiga yuko chumba kilekile. Hispania na Ufaransa ziliruhusu wanawake kuomba msaada kupitia maduka ya dawa, mahali ambapo kila mtu aliruhusiwa kwenda.

Tena, mshauri apewe mamlaka ya kufungua rufaa ya malipo. Ushauri wa kutatua matatizo hukwama kabisa pale ambapo tatizo lenyewe ni jina kukosewa herufi kwenye mfumo. Mshauri akiweza kuliingiza jina hilo kwenye rufaa wakiwa wamekaa wote wawili, na mtu akaondoka na namba ya kufuatilia, kikao hicho kimefanya kazi ambayo vikao vitano vya kupumua haviwezi. Maofisa wa fedha hulipinga pendekezo hili kila tunapolitoa, wakisema linafungua mlango wa udanganyifu. Mshauri anafungua rufaa tu. Anayeiamua ni mwingine, na kila rufaa ina jina la aliyeifungua.

Wanaotumia dawa za kifafa na za magonjwa makubwa ya akili wapewe za miezi mitatu kwa mkupuo mara janga linapotangazwa. Katika uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa Oktoba 2020, nchi 93 katika kila 100 zilizojibu zilisema huduma zao muhimu za afya ya akili zilivurugika au kusimama. Serikali kwa wastani hutenga karibu asilimia 2 tu ya bajeti ya afya kwa eneo hili, kwa hiyo tunajua nini hukatwa kwanza fungu linapopungua. Tunaomba fungu hilo lifungwe kisheria ndani ya mfuko wa dharura, lisihamishike.

Hatuwaombi muamini maneno yetu. Fanyeni zoezi kabla ya mwaka huu wa fedha kwisha. Chagueni kata moja yenye wapangaji wengi na wachuuzi wengi, msiitangaze mapema, na mwalipe watu 500 kiasi kidogo halisi ndani ya saa 72 kwa mfumo mlio nao leo. Hesabuni waliopata, waliokosa, na sababu ya kila aliyekosa: jina, laini, anwani, wakala asiye na noti, kitambulisho. Wapeni washauri wa kata hiyo rufaa za waliokosa na mpime ni ngapi zimejibiwa ndani ya siku 7. Kisha mchapishe matokeo yote, hata yale ya kutia aibu, na mrudie kata nyingine baada ya miezi mitatu. Tuko tayari kukaa na maofisa wenu kuanzia siku ya kuandaa orodha hadi siku ya kuhesabu waliokosa.

Tunawasilisha.